Mwonja Chumvi wa Kasingirima

Ramadhani iliyopita kazi ilinirudisha Kigoma, na jioni moja nikapita Kasingirima kwa miguu. Mtu alikuwa akichemsha mawese jikoni kwake. Harufu ile unaijua wewe. Nikasimama njiani kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Sisi tulikuwa Wakristo, baba karani aliyehamishwa kutoka Mbeya. Lakini kila Ramadhani mimi nilikuwa na cheo mtaani. Akina mama walikuwa wamefunga, na bibi jirani hakutaka hata ncha ya ulimi wake iguse mchuzi, kwa hiyo alasiri waliniita mlango kwa mlango nionje chumvi. Nilionja maharage, magimbi, migebuka, samaki wa ziwani, iliyotoka mwaloni Katonga asubuhi, nikitamka "imekolea" au "bado kidogo" kwa maringo ya binti wa kifalme. Magharibi masinia yalitolewa, mkeka ukatandikwa mbele ya nyumba ya bibi, nami nilikaa ubavuni pake.

Nilipotimiza miaka tisa nikafunga kwa siri. Wenzangu wote walikuwa wakijisifia saumu zao na mimi niliona uchungu kubaki nje. Bibi aliponipa mwiko wa mchuzi wa migebuka, niliugusisha mdomoni bila kulamba, nikasema bado kidogo. Akaongeza chumvi, tena si haba.

Baada ya adhana watu walifungua kwa uji, kisha wakamega ugali na kuchovya. Mzee mmoja akakohoa, akaomba maji. Sikuogopa kuchapwa, niliogopa kuambiwa kwamba mkeka ule haukuwa wangu, nirudi kwetu. Bibi akaitazama midomo yangu iliyokauka.

"Mwana wanje, mwanangu, umefunga?"

Nikaitikia kwa kichwa, machozi yakinitoka.

"Na hujafungua bado?" Akanipa kikombe chake cha uji, akawageukia wengine. "Kuleni, jamani. Mpishi kafunga, mwonjaji naye kafunga. Hiyo chumvi angeijua nani?"

Wakacheka, wakala, wakashushia maji, mpaka chungu kikaisha.

Siku hizi nyumba za pale zina kuta na mageti, kila mtu anafuturu ndani kwake, na bibi tulishamzika. Tangu jioni ile nimekula sehemu nyingi chakula kilichokolea sawasawa. Sijawaona tena watu wazima, wenye njaa tangu alfajiri, wakimaliza chungu kizima cha chumvi ili mtoto wa jirani asilie.