Mufundi Aliyekataza Gresi

Musiniambie niliota. Ilikuwa saa sita ya muchana, jua kali, mutoto wangu iko mugongoni.

Ninafagia hanga moja, nyumba ya kulaza ndege, pale kiwanja cha ndege cha Bunia. Bwana yangu ni mekanisien, mufundi wa helikopta, palepale. Alijifunzia kwenye mapikipiki kwetu Nyakasanza, na kule sheria ni moja: chuma ikilia, tia gresi. Helikopta moja ikaanza kulia kwenye kiungo cha bawa la juu, lile linalozunguka. Akatia gresi kila juma, bila kuuliza. Siku ile ilikuwa ipeleke dawa Mambasa, na bwana yangu ndani.

Mafundi wote walikwenda kula. Nikainua macho, nikaona mwanaume juu ya helikopta, amevaa kombinezo ya bluu, nguo ya kazi ya mafundi, anachungulia kile kiungo.

"Mama, nani alipakaa hii?"

"Bwana yangu."

"Hii rulma, hii beringi ya kiungo, hainywi gresi. Iko na kitambaa ndani, chenyewe kinatelezesha chuma, kikavu. Gresi inashika vumbi, vumbi inakula kitambaa. Bwana yako asipande."

Akaninyooshea kipande cha gresi chafu, nishike. Mukono wake ulitoka kule juu ukanifikia. Vidole vikavu kama unga wa muhogo. Mutoto akalia, nikageuka kumutuliza. Kurudisha macho, hakuna mutu. Na ngazi ilikuwa imelala kwenye ukuta tangu asubuhi. Sasa alipanda na nini?

Nikamwambia bwana. "Weye na fagio yako, utanifundisha kazi?" Wenzake wakacheka: "Leo tuko na mama mekanisien."

Nikaketi chini mbele ya mulango wa helikopta na mutoto wangu. Nikasema wakitaka kuruka, wapite juu yetu.

Shefu wa mafundi, muzee mutulivu, akafungua kile kiungo. Kitambaa kikatoka vipande vipande, kimechanganyika na gresi nyeusi. Wale waliocheka wakasogea kuangalia. Akaniuliza yule mutu alifanana namna gani. Nikamwambia. Shefu akaketi chini.

"Huyo alikuwa mufundi hapa, alianguka na helikopta yake, zamani, akafa. Yeye pia alikuwa anatia gresi."

Bwana alitoa ushuhuda kanisani kwamba Mungu alimuokoa. Mie hakunitaja. Na mukono wangu ule alioushika, sadiki ama usisadiki, nikipakaa mutoto mafuta, wenyewe unabaki mukavu.

Weye unayesoma, mutu wa fagio akikuambia simama, simama kwanza. Wafu hawana kazi ya kuzunguka kila hanga kuonya watu.