Wasifu wa Baba Uliokataa Kukopiwa

Kuna watu Mungu amewanyima haya, akawapa tovuti. Mmoja wao alikuja nyumbani kwetu kule mlimani Meru, akanywa chai ya mama, akamwita baba "mzee wangu", akaazima daftari ambalo baba alikuwa ameandikia maisha yake. Daftari halikurudi. Tulipouliza, eti limepotea akihama ofisi. Lakini maneno yote yakaibukia kwenye tovuti yake ya kutangazia watalii mashamba ya kahawa, tena yamefungwa: ukijaribu kukopi, kinaruka kibao chekundu kusema maudhui haya yanalindwa. Yanalindwa ili nani asiyachukue? Sisi wenyewe!

Baba alikuwa ametuachia neno moja kabla hajafariki: "Siku ya kunizika msinitungie sifa. Yangu nimeshaandika, msome hayo." Mazishi yalikuwa Jumamosi. Katibu wa usharika alitaka wasifu umfikie Ijumaa kabla ya saa sita mchana, ausome kwanza mchungaji.

Alhamisi nikampigia yule bwana.

"Pole sana na msiba, dada," akasema, sauti laini kama ya mhubiri. "Ila hakimiliki ni hakimiliki. Tuma ombi kwa barua pepe, timu yetu itakujibu ndani ya siku saba."

Timu! Timu gani, na ofisi nzima ni yeye na laptop yake? Nilikata simu nikasonya mpaka mteja aliyekuwa dukani kwangu akageuka.

Mimi nina duka la stationery mjini, Kimandolu, kuchapa ndiyo kazi yangu. Ningeweza kukaa na kuyaandika upya neno kwa neno huku nikitazama kioo cha kompyuta. Nilikataa. Niandike maneno ya baba yangu kama mwanafunzi aliyepewa adhabu, kwa sababu ya mwizi? Thubutu.

Ijumaa asubuhi nikafungua duka mapema, nikaiwasha kompyuta. Ulinzi wenyewe wa kitoto. Amezuia raiti kliki, amezuia maandishi yasichagulike, basi anajiona fundi. Nikaingia kwenye setingi za brauza, nikazima JavaScript inayoendesha vizuizi vyake, nikafungua ukurasa upya. Kibao chekundu kimya. Nikachagua yote, nikakopi, nikapesti. Hata dakika mbili hazikuisha. Banda la kuku la mama lina ulinzi kuliko ule. Nilicheka peke yangu, tena kwa sauti.

Kisha nikaanza kusoma ili nipange mistari iliyokatika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasoma. Daftari lilikaa miaka kwenye kabati la sebuleni na sikuwahi kulifunua. Karibu na mwisho, baada ya habari za mibuni aliyoing'oa na ng'ombe aliyemuuza ili nisome, baba ameandika: "Haya nayaandika kwa sababu binti yangu wa mjini nikianza kumsimulia hutazama simu. Huniambia, sawa baba, sawa."

Nilitamani iwe yule mwizi ndiye aliyeyachomeka maneno hayo. Lakini angeijuaje? Hiyo "sawa baba" ni yangu kabisa, hata mimi naijua. Nililia pale pale juu ya kibodi, mlango wa duka ukiwa wazi.

Saa tano na nusu katibu akapiga simu. "Dada, tunakusubiri wewe tu."

"Nakuja," nikamwambia. Nikazichagua sentensi zile mbili, nikazifuta, nikachapa wasifu.