Kumpisha Mama Mkwe Nisiyemjua

Mchumba wangu alikuwa amenionya mapema. Kwao, upande wa Bungoma, mkwe hamshiki mama mkwe mkono wala hamkaribii. Akikutana naye njiani, anaingia kichakani ampishe. Ukikosea siku ya kwanza, wazee wanasema huna adabu na posa inakwama. Mimi ni mtoto wa Wakikuyu waliohamia Saboti kulima mahindi, na kwetu nilizoea kuwakumbatia mama za watu. Niliapa sitakosea, maana msichana yule nilimpenda hadi nikakosa hamu ya kula.

Kaka yake, shemeji mtarajiwa, akataka twende kwao kwa miguu, tukizunguka ubavu wa Mlima Elgon, anipime. Nikaingia soko la mitumba Kitale, nikanunua begi la mgongoni lenye kamba nyingi ambazo mpaka leo sijui kazi yake. Nikalijaza sukari, majani ya chai na suti.

Tuliondoka alfajiri. Mlima ule ulitema moto zamani, na mawe yake meusi bado yana hasira. Kufika saa nne soli ya kiatu changu cha kushoto ilikuwa imebaki nyuma. Tena nilikuwa nimeambiwa mbu hutoka jioni. Mbu wa mabonde yale hawakuwa wamepata habari hiyo.

Shida yangu kubwa ilikuwa moja: mama mkwe sikuwahi kumwona, hata kwa picha. Kwa hiyo kila mwanamke mtu mzima aliyetokea mbele yetu, mimi niliruka kichakani na begi langu. Nilimpisha muuza ndizi. Niliwapisha wanawake watano wa kuni kwa mpigo. Kila nikiruka, mbu walinipokea.

"Shemeji, si hata ungeniuliza kama ni yeye?" kaka mtu akasema, machozi ya kicheko yakimtoka.

Niliona haya kuuliza. Tulipokaribia kwao, shemeji alitangulia kuwaambia tunafika. Nikaona mwanamke akija na mtungi, nikaruka. Safari hii chini ya nyasi palikuwa na kinamasi, na begi likanizamisha hadi kifuani.

Mwanamke akasimama ukingoni, amevaa gambuti. "Sasa wewe unatafuta nini huko, bana?"

"Nampisha mama mkwe."

"Ako wapi?"

"Simjui. Ndiyo naenda kuposa."

Akalitazama begi, akautazama uso wangu ambao mbu walikuwa wameuumua kama mandazi. Kisha akatua mtungi. "Leta mkono. Na ile ingine." Akanivuta kwa mikono yote miwili, akanipangusa macho kwa leso yake, akanionyesha njia na kushika ya kwake. Nilimwona kijana mno kuwa mama mkwe wa mtu.

Jioni nilikaa mbele ya wazee na suti iliyolowa, jicho moja limefumba kabisa. Nikasikia sauti ikitoka nyuma ya ukuta wa jikoni: "Mwambieni mgeni anawe uso na maji ya chumvi. Hiyo mbu ya mto ni mbaya."

Sauti ilikuwa ile ile ya kinamasini. Nikaona mchumba ananiponyoka.

Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, huyu mkwe wako umeshamwona?"

Nikaanza kutafuta begi langu kwa macho, au kwa lile jicho lililobaki.

"Mimi bado sijamwona," akajibu.

Wazee wakaridhika, mazungumzo yakaendelea, na binti yake nikamwoa. Miaka imepita mingi, na mimi na mama tunasalimiana kupitia ukuta ule ule. Kila nikiaga, huniuliza kama yule mpita njia wa kinamasini alifika alikokuwa anaenda.

Namjibu kwamba alifika, na kwamba bado anashukuru.