Kina Mama wa Merikit Walipokunywa Maji

Mimi ni mtu wa mpakani. Sinunui hata sabuni Busia ya Uganda kabla sijavuka kuuliza bei ya upande wa Kenya, na nikipata nafuu narudi nikitamba. Kwa hiyo daktari alipogusa uvimbe tumboni mwa mama, akasema apigwe picha kwenye mashine kubwa, na kwamba atachomwa dawa ya mshipani ili viungo vionekane vizuri, niliingia kazini mara moja.

Mama ana kisukari cha miaka mingi na figo zake zimechoka. Dawa hiyo ya picha ingeweza kuziumiza zaidi. Dada yake mkubwa alikufa kwa figo, nami nilikuwa nimeapa kwamba mama hatapita njia hiyo. Niliuliza pande zote mbili, nikasikia kuna dawa ya kawaida na kuna nyingine ghali mno, inayosemekana ni pole zaidi kwa figo. Nikaamua: ghali! Nikauza magunia yangu yote ya biashara, ya dagaa wa kutoka ziwani Majanji, kwa bei ya kutupa.

Asubuhi ya kipimo, upande wa Kenya, furaha ilinijaa kama bibi harusi. Mpiga picha, dada mmoja mchangamfu, alivuta kidogo ngozi ya mkono wa mama, akakunja uso.

"Mama, leo umekunywa maji kiasi gani?"

"Mimi nafunga," mama akajibu kwa fahari. "Tangu jana. Hata tone. Wamama yote ya kanisa Merikit nafunga na mimi."

Ndivyo wafanyavyo kina mama wa kanisa la kwao Merikit, upande wa Uganda. Mmoja akienda kupasuliwa au kupimwa, wote wanafunga kavu mpaka atoke.

Yule dada akanigeukia. "Hata ulete dawa ya bei gani, figo zikiwa kavu hivi ni hatari. Hiyo ya ghali haitamsaidia sana. Tutumie ya kawaida, pesa itakayobaki umpimie damu tena baadaye. Kinga yake ni maji. Anywe, tumtundikie na dripu, mchana tutapiga."

Nilikimbia kununua maji. Mama akafumba mdomo. Angekunywaje na wenzake wanakauka makoo kwa ajili yake? Nikambembeleza, nikagomba, nikakaribia kulia. Figo zile zile nilizouzia dagaa!

Basi nikampigia kiongozi wa kina mama, nikaweka spika, nikamweleza yote. Kisha nikamsikia akiwaita wenzake, na vikombe vikigongana.

"Dada, sisi nashika maji hapa," akamwambia mama. "Wewe nashika? Haya, nakunywa pamoja."

Wakanywa. Mama akanywa. Mpiga picha alicheka mpaka akaketi. Kila chupa ilipoisha niliwaarifu, na Merikit wakapiga simu: "Ongeza!"

Mchana picha ikapigwa kwa dawa ya kawaida. Uvimbe uliotutisha ulikuwa kifuko cha maji tu, hakina neno. Lakini mimi nilikuwa nikingoja habari ya figo. Siku chache baadaye, hospitalini Tororo, upande wetu wa Uganda, wakapima damu: ziko vilevile, hazijaguswa! Nilipiga kelele hadi nesi akanikanya.

Mama hakunikumbatia kwanza. Alininyang'anya simu, akawapigia Merikit.

"Wamama, figo nasalimia nyinyi! Sasa nani nakwenda kupimwa? Jagi yangu iko tayari."