Nafasi ya Magunia Kumi na Moja

Gharama yote ilikuwa nafasi ya magunia kumi na moja ya maharage, debe moja la chokaa, mkeka mmoja, na aibu ambayo mpaka leo sijapata mizani ya kuipima. Nimehesabu mara mbili, kama ilivyo kawaida yangu, na sijaongeza hata punje. Mwanangu, wewe unayechora ramani ya nyumba yako, keti kwanza. Fundi atakusubiri. Fundi hana haraka isipokuwa siku ya malipo.

Nakumbuka siku moja, hapa hapa Babati, mama mkwe wangu aliteremka kwenye basi la kutoka Mbulu akiwa na kikapu, fimbo na rozari. Mimi nilikuwa mke kijana, mama wa mtoto mmoja, Neema. Kazi yangu ilikuwa kununua maharage kwa wakulima wakati wa mavuno, na kuyalaza ndani mpaka bei ipande. Tulikuwa na nyumba Bagara, sebule na vyumba vitatu: kimoja chetu, kimoja cha Neema, na cha tatu stoo. Ukiniuliza wakati ule chumba kipi ndicho moyo wa nyumba, ningekuonyesha stoo bila kugeuza shingo.

Mama hakuja kutembea. Mwaka uliotangulia alianguka jikoni kwake kule milimani akiwa peke yake, akalala sakafuni tangu asubuhi mpaka jirani alipokuja kuomba moto wa jioni. Daktari akasema ni presha, asikae tena peke yake, na awe karibu na hospitali. Mume wangu, Baba Neema, mtu wa maneno machache kama risiti, akamleta kwetu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu, kabla sijafikiria jembe, yeye akanitangulia.

"Mama Neema, nipe mahali pa kupiga magoti."

"Mama, Mungu si yuko kila mahali?"

"Yuko," akasema. "Asiye na mahali ni mimi."

Na ilikuwa kweli. Sebuleni redio ilikuwa inaimba toka asubuhi. Chumbani Neema alikuwa anaruka juu ya kitanda. Uani ndiyo usiseme: kila apitaye njiani alimwona bibi akatoa shikamoo, na mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuacha kuitikia. Siku moja nilihesabu marahaba saba ndani ya fungu moja la rozari.

Basi nikampeleka stoo. Akaomba nafasi ya magunia manne. Nikamwambia moja. Akasema matatu. Tukakutana kwenye mawili, pale chini ya dirisha, nami nikatoka nikijisifu kimoyomoyo. Fikiria, mwanangu: nilimpunguzia Mungu bei, tena usiku ule nikalala usingizi mzuri.

Gunia la kwanza lilivuka mpaka siku ya Jumanne. "Ni mpaka kesho asubuhi tu, Mama." Akasema sawa mwanangu. La pili likaja kwa sababu la kwanza lilikuwa limeshazoea. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hujaza stoo. Yalikuwa magunia ya lumbesa, yale yanayojazwa mpaka shingo inatuna juu ya kamba na serikali inayakataza, na lumbesa moja ikilala haikubali kusogezwa na maneno. Mama hakulalamika. Ningemsikia akilalamika ningebishana naye, maana kubishana ndiko nilikokuwa najua. Kimya sikuwa na bei yake.

Kisha ikafika zamu yetu ya jumuiya. Unajua utaratibu: kila wiki wanajumuiya husali nyumba moja, wiki ijayo nyumba nyingine, hakuna anayerukwa. Jumamosi ile asubuhi nilikuwa nimefagia, nimeazima mabenchi, chai ya maziwa inachemka. Mwenyekiti wetu, Mama Safari, mwanamke mrefu ambaye akisimama mlangoni chumba kinapata giza, akauliza, "Bibi yuko wapi?"

Nikajibu kwa sauti ili wote wasikie, "Yuko kwenye chumba chake cha sala."

Chumba! Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata gegedu.

"Twende tukamsalimie humo humo," akasema Mama Safari. Wakanifuata wote. Mlango ukafunguka nusu, ukagonga gunia. Tukachungulia. Mama alikuwa amesimama katikati ya maharage kama mtu aliyebanwa kwenye umati, kipaji cha uso kimeegemea gunia, rozari mkononi.

"Mama, mbona umesimama?" nikamuuliza.

"Magoti yamekosa nafasi, mwanangu." Akalipapasa gunia kama mtu anavyopapasa shingo ya ng'ombe. "Lakini maharage yako ni wasali wazuri. Yameingia humu tangu Pasaka, hayajatoka hata kunywa maji."

Mmoja wetu akacheka, kisha akajikohoza. Ndipo nikakiona kikapu juu ya gunia, kimefungwa: kanga zake mbili, vidonge vya presha, kitabu cha sala.

"Jumatatu narudi nyumbani," akasema. "Sijakasirika. Nakwenda kupiga magoti."

Nilimgeukia Baba Neema. Akanitazama, akasema sentensi moja tu: "Akianguka tena kule, safari hii hakuna mtu wa kuja kuomba moto, yule jirani alishahama." Risiti ilikuwa fupi, lakini jumla yake niliiona.

Niliacha watu wanakunywa chai, nikatoka hivyo hivyo na kanga yangu ya kupikia mpaka dukani kwa Mzee Hamisi. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa duka la jumla kando ya barabara, mwenye ghala nyuma. Mimi naye tulikuwa tunashindana bei kwa miaka, mpaka wateja wengine walikuwa wanavuta viti wasikilize.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Neema. Leo unakuja kuniibia nini?"

Nikamwambia nataka nafasi ya magunia kumi na moja ghalani. Akataja bei. Nikafungua mdomo niikate nusu, naye akaniwahi: "Kwani stoo yako imevuja?"

Nilitafuta uongo mzuri nikakosa, nikamweleza ukweli. Akanipitisha nyuma ya kaunta. Duka lile lilikuwa limejaa mpaka ndoo zinaning'inia darini na katoni za sabuni zimegusa bati. Lakini kule mwisho, ukutani, palikuwa na mahali patupu, pamefagiliwa, upana wa mkeka mmoja.

"Hapa ndipo ninaposwali," akasema. "Unajua ni mizigo mingapi nimeikataa kwa ajili ya mkeka huu? Katoni moja ikilala hapa leo, kesho itaita ndugu zake, na wao hawapigi hodi. Nikuulize: mkwe wako akija, unamwekea makombo ya ugali?"

"Hata siku moja."

"Basi." Akarudi kwenye kaunta yake.

Mwanangu, nilimlipa bei yake ya kwanza. Sikuwahi kabla, na sijarudia. Yeye ndiye aliyeshtuka. "Mama Neema," akaniita, "unaumwa?" Halafu akampigia mwenye mkokoteni mluzi, akaniambia malipo ya mkokoteni ni yake, nisiguse mfuko.

Nilipofika nyumbani na mkokoteni, chai iliachwa mezani. Wanaume wakabeba wanne wanne kila gunia, wanawake wakafungua wimbo, na Mama Safari akashika mlango kama askari ili usirudi nyuma. Sijaona ibada ya jumuiya yenye jasho kama ile. Nilihesabu magunia yakitoka mlangoni, nikayahesabu tena yakiingia ghalani: kumi na moja. Kila moja lililopita, mwanga wa dirisha uliongezeka sakafuni. La mwisho lilipotoka, Neema aliingia akikimbia, akageuka geuka katikati, akasema, "Kumbe hiki ni chumba!" Hata mimi nilikuwa sikijui.

Jioni ile ile tukapaka chokaa. Baba Neema alipigilia msalaba, akajigonga kidole, akanyamaza hata hapo. Nikatandika mkeka mpya. Mama akaingia na fimbo yake, akatazama kuta nne, akaniuliza, "Magunia mangapi haya?"

"Yote, Mama."

"Sikuomba yote."

"Hatujadiliani leo."

Akapiga magoti. Alichukua muda, goti moja kisha jingine, nasi tukapiga nyuma yake, mume wangu akiwa wa kwanza, yeye ambaye nilikuwa sijamwona magotini tangu tufunge ndoa. Nyumba yangu ilisikika kama kanisa siku ya Krismasi. Jumatatu asubuhi basi la Mbulu lilipiga honi stendi, na natumaini liliondoka na kiti kimoja wazi, maana mwenye kiti alikuwa kwangu, kwenye mkeka wake, kikapu kimefunguliwa na kanga zimetundikwa msumarini.

Usitegemee sasa nikuambie maharage yalipanda bei. Yalishuka. Nilikula hasara, tena ya lumbesa. Na bado nakuambia nilishinda, kwa sababu Mama aliishi nasi miaka tisa, akatoboa mikeka mitatu kwa magoti, wala hakuanguka tena akiwa peke yake. Ndani ya chumba kile Neema alijifunza kusali kabla ya kusoma. Ndani ya chumba kile mimi na baba yake tuliingia mara kadhaa tukiwa hatusemeshani, tukatoka tunaulizana chakula kiko wapi. Niambie ni stoo gani inatoa faida ya namna hiyo.

Kwa hiyo, mwanangu, nishike neno. Katika ramani yako pachore pa kusalia kwanza, kabla hujachora pa televisheni na pa gari ambalo hujanunua. Huna chumba? Chukua kona. Huna kona? Chukua upana wa mkeka, kama Mzee Hamisi. Udogo si tatizo. Tatizo ni mpaka unaohama. Kitu kisilale pale hata kwa usiku mmoja, hata kiwe mbolea ya ruzuku, hata kama ni shemeji aliyeomba kukiweka. Na usiniambie utasali popote. Nilisema hivyo mimi, na kila nilipokuwa popote nilikuwa nahesabu magunia. Mtu anayesema atakula popote, jioni muulize kama ameshiba.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Msingi usipate ufa, bati lisipate kutu, na watakaopiga magoti humo wainuke wakiwa wepesi. Akupimie baraka kwa lumbesa, zijae mpaka shingo itune, maana kwa kipimo hicho yeye peke yake hakatazwi.

Nimekupa yangu, sasa na wewe nilipe kwa ushauri. Baba Neema ametangulia, na presha ile ya mama yake imenikuta mimi ambaye si damu yake. Kijana wangu wa mwisho, Elia, amejenga Maisaka, anataka nihamie kwake, na mke wake ni binti mwema kabisa. Wiki iliyopita binti huyo alinionyesha chumba changu. Kina kitanda kizuri. Kina pia mashine ya kufulia ambayo bado iko kwenye boksi, baiskeli mbili za wajukuu na meza ya kupigia pasi. "Ni kwa muda tu, Mama," akaniambia. Niliijua ile sauti, ilikuwa yangu.

Wewe ni kijana kama yeye, unajua mnavyofikiri. Nianzie bei gani? Nikitaja magunia manne atasema moja, tutakutana mawili, na tunajua sote mawili yaliishia wapi. Au ninyamaze, nimtumie hadithi hii aisome kabla sijafunga kikapu? Nishauri upesi, mwanangu, Elia anakuja kunichukua Jumamosi. Na ninachohitaji si kikubwa: ni nafasi ya magoti mawili tu. Nimeyahesabu mara mbili.