Mchanga wa Fedha Niliomwonyesha Mjomba

Jamani, aibu hii nimeificha miezi sita, lakini kwa kuwa mke wangu ameshaitangaza mpaka soko la Mwanga, bora niisimulie mwenyewe kabla haijaongezewa chumvi zaidi.

Wakati huo Zena alikuwa mchumba tu, mwalimu hapa Gungu, Kigoma, kwao Tanga, na wazazi wake walikuwa wamemtuma mjomba wake, Mjomba Hamisi, aje anikague kabla hawajajibu posa yangu. Sasa yule mzee alipofika tu akaanza kuisifia bahari yao, mara mchanga wao, mara fukwe zao, mara ziwa letu eti dimbwi (dimbwi! Tanganyika!), damu ikanichemka nikajikuta nasema, "Mjomba, kesho nakupeleka ufukwe ambao hata wenyeji hawaujui." Ukweli ni kwamba mimi ni fundi cherehani, ziwa naliona nikipita, na huo ufukwe nyuma ya kilima, kupita Katonga, nilikuwa nimeusikia kwa wateja tu.

Halafu miwani nikaiacha nyumbani, kisa nilitaka kutoka vizuri kwenye picha.

Tukapanda kilima mimi, Zena, na Mjomba na kanzu yake nyeupe pee, na tulipofika juu nikaona maji ya bluu, miamba, na chini kabisa ufukwe unaometameta mpaka moyo ukanipasuka kwa furaha. "Mjomba, tazama! Tanga mna mchanga wa fedha kama huu?"

Mjomba akakunja pua. "Mbona mchanga wenu unanuka, kijana?"

"Hiyo ni hewa ya ziwa, Mjomba." (Wala sikudanganya, sisi tuliozaliwa Kigoma harufu ile pua zetu haziihesabu kabisa.) Zena akanivuta shati aniambie kitu, lakini mimi huyoo, viatu mkononi, nateremka mbio.

Mguu uliposerereka ndipo nilipojua kwamba sikukanyaga mchanga. Nilianguka kifudifudi, nikateleza hatua kama sita hivi juu ya dagaa walioanikwa asubuhi ile, dagaa mfukoni, dagaa masikioni, mmoja nadhani nilimmeza. Kina mama wenye dagaa wakachomoka kivulini.

"Wee! Una wazimu? Umetoka wapi wewe usiyejua dagaa?" akafoka mkubwa wao, Mama Riziki.

"Gungu, mama. Shikamoo," nikajibu nikiwa bado nimelala.

"Gungu hapo hapo?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega, na kule juu nilimsikia Mjomba akicheka kuliko wote. Nikajua posa imekwisha.

Kabla sijasimama, Mama Riziki akatazama upande wa Kongo, wingu jeusi linakuja. "Mvua! Dagaa jamani!" Na pwani ile mvua ikija hakuna mgeni, ukikutwa unainama, maana dagaa wakilowa ndiyo wameoza. Nikainama nikazoa kama mwehu, kwa mikono, kwa shati. Nilipogeuka nikamwona Mjomba kakunja kanzu, kaifanya kapu, anazoa huku anauliza, "Hawa waliokatika vichwa je?" Kina mama wakamjibu, "Hao ni wa huyo wa Gungu!"

Mvua ilitukuta chini ya turubai, dagaa wote salama, tukala ugali kwa samaki wa kuchoma, migebuka wa ziwa letu, na kina mama wale wale. Mjomba akapiga simu Tanga mbele yangu. "Huyu kijana ziwa halijui hata kidogo, na ni mwongo wa fukwe. Lakini alipoharibu hakukimbia, kainama kazoa mpaka dagaa wa mwisho. Mpeni Zena." Nililia, sioni haya kusema.

Tangu siku hiyo nimeapa simpeleki mgeni mahali ambapo mimi mwenyewe sijawahi kufika. Picha tuliyopiga chini ya lile turubai ipo ukutani kwetu. Sina miwani, nimetoka vizuri sana, ila kuna dagaa mmoja sikioni, na Zena alimwona kabla ya kupiga akanyamaza.