Mchai Usiochumwa

Jumamosi balozi wetu wa nyumba kumi hapa Ilomba alipita kukagua viwanja. Anataka palipo na maua pawe na chakula. Kwa jirani yangu, mama aliyechuma chai kule Mufindi tangu usichana wake, alikuta mti mlangoni umejaa maua meupe, nyuki wanavuma.

"Mama, maua hayaliwi. Ng'oa."

"Huo ni mchai, Balozi."

Balozi alivua kofia, akautazama. Wengi wetu mchai tunaujua ukiwa umekatwa usawa wa kiuno. "Kumbe unajichumia mwenyewe!"

"Siuchumi. Majani nanunua dukani."

Balozi alicheka hadi akashika uzio. "Dukani, na mti unao mlangoni?"

"Kule tulikuwa tunauchuma tu, haupati nafasi ya kutoa maua. Nikasema siku nikistaafu, nitastaafu na mchai mmoja."

Hapo mkono wa mama ukaenda wenyewe kwenye chipukizi, vidole vikashika majani mawili na ncha yake. Akaudaka kwa mkono wa pili, akauficha nyuma ya mgongo.

"Samahani, Balozi. Mkono huu ndio bado uko kazini."

Balozi hakutaja tena kung'oa. Alivaa kofia, akahamia kwangu, na mawaridi yangu hayakuwa na la kujitetea. Karibuni maharage.